Dakika ya Ishirini na Mbili

Mwaka ule nilipakia mihadhara kumi na minne,
saa nzima kila mmoja, bila kukohoa,
nikafunga mlango wa ofisi yangu hapa Nizwa
nikajiambia: Haya, Ghaniya, umeshasomesha.
Kiyoyozi kikivuma. Kahawa imepoa.
Slaidi mia mbili na sita, zote za buluu.

Mimi mwalimu wa takwimu. Hesabu hazinidanganyi,
ila siku zile nisizozitazama.
Wiki ya tano nikafungua ukurasa wa walimu
nikaukuta mstari ulioporomoka:
dakika ya kwanza, wanafunzi themanini na watatu,
dakika ya sita, kumi na tisa.
Mwisho wa saa alibaki mmoja,
na huyo, niliambiwa baadaye, alikuwa amelala.

Nikataka kukasirika. Kizazi hiki, nikaanza,
halafu nikajiwekea mhadhara wangu mwenyewe.
Nilistahimili dakika tisa.
Nikakumbuka nguo kwenye mashine.

Lakini palikuwa na kilima kimoja, peke yake,
dakika ya ishirini na mbili:
watu wanane, mara arobaini na moja.
Wanarudi, wanarudi, kama ulimi kwenye jino bovu.
Sifichi, nilifurahi. Hapo ndipo, nikasema,
nilipoufafanua mkengeuko sanifu nikaumaliza.

Nikampigia Handhal, jina la juu kwenye orodha.
Kwao Saiq mtandao haufiki chumbani;
huchukua pikapu ya kaka yake hadi karibu na mnara,
juu ya makonde ya mawaridi,
akasomea kwenye usukani, taa ya ndani inawaka.
"Dakika ile, mwalimu?" Akanyamaza. Adabu ilimkaba.
"Nimeitazama mara kumi na mbili, hadi bando likaisha.
Ubaoni umeandika jumlisha,
mdomoni umesema toa.
Nikadhani ni mimi nisiyeelewa."

Nikadhani ni mimi.
Watu wanane, mahali panane,
kila mmoja amebeba kosa langu kama lake.
Darasani angeinua mkono mtu,
Rayya, bila shaka, Rayya hana simile,
ningefuta kwa kiganja, tungecheka, tungeendelea.
Video haioni mkono.

Ijumaa nikashuka shambani, kwenye falaji,
nikamkuta shemeji yangu Mutaib ana zamu ya maji.
Nusu saa kitalu hiki, kisha anaziba
kwa jiwe na gunia kuukuu, anafungulia kule.
"Ukiyaachia yote kwa mpigo?"
"Yatapita juu juu," akasema, macho kwenye simu,
timu yake inafungwa.
"Mizizi haitajua kama palikuwa na maji."

Sikumwambia alichonipa.

Nikarekodi upya. Dakika saba, kisha jiwe:
swali moja, usipolijibu hupiti.
Sauti peke yake kwa wenye bando dogo.
Kitufe kisichotaja jina: *nimekwama hapa.*
Na Jumanne, badala ya kuwasomea walichokwisha kukitazama,
nikaja darasani na tende za khalasi, kilo nne,
na mizani ya jikoni kwangu.
Tukapima tende moja moja, tukatafuta wastani,
tukabishana kwa nini ile moja nzito imeuvuta,
mpaka Rayya akaila.
Hapo darasa zima likaelewa
data iliyopotea ina maana gani.

Si kwamba mambo yamenyooka.
Mkuu wa idara ananiuliza kwa nini mihadhara imekuwa mifupi,
kama kwamba elimu hulipiwa kwa mita.
Kurekodi dakika saba hunila siku mbili.

Ile dakika sikuifuta.
Niliikata, nikaiweka mwanzo kabisa wa muhula,
na chini yake nikaandika: *Mwalimu amekosea wapi?*
Usiku ule ule majibu sabini na tisa.
La Handhal lilifika saa nane, kutoka mlimani,
neno moja: *Toa.*

Wanne hawajajibu.
Majina yao ninayo hapa, kando ya kikombe.
Kesho nawapigia.